Kipupwe cha Bukini

Nilipokuwa naaga, watu kadhaa waliniuliza kama Madagaska wanakwenda kwa ndege au kwa boti. Swali halikuwa la kijinga. Ukitandaza ramani mezani, kisiwa kiko hapo tu mbele yetu, ng'ambo ya Msumbiji, na wazee wa pwani walikuwa na jina lao la kukiita: Bukini. Majahazi yalikuwa yakienda na kurudi. Mimi nimekwenda kwa ndege kupitia Nairobi, yaani unapanda kwanza kaskazini ndipo uteremke kusini, na nilipotua Ivato sikuigusa saa yangu, maana saa za Antananarivo ni zile zile za Dar es Salaam. Kilichonichanganya ni jua. Mwezi wa sita kule linazama mapema mno. Haijagonga saa kumi na mbili jioni giza limeshatanda, na mwili wako bado unakuambia ni alasiri.

Kwa wasionijua: mimi ni muuguzi, na miaka ya karibuni nimekuwa wodi ya afya ya akili. Kanisa letu lina urafiki na Walutheri wa Madagaska, na mwaka huu kamati ya misheni ilitafuta mtu wa afya wa kwenda kuhudumu Juni hadi Agosti kwenye kituo kimoja nje ya mji wa Antsirabe. Nikaunganisha likizo ya mwaka na likizo bila malipo. Mkuu wangu wa wodi akaguna, akasaini.

Vituo hivyo vinaitwa toby. Ni vijiji vya uamsho: kuna kanisa, nyumba za wahudumu na nyumba za wagonjwa, wengi wao wa akili, wanaoletwa na ndugu zao wakakaa wiki, miezi, wengine miaka. Ndugu mmoja hubaki na mgonjwa, anampikia. Wahudumu wanaitwa mpiandry, na si makasisi. Ni wakulima, walimu, mafundi, akina mama wa nyumbani, waliofundishwa na kuwekewa mikono, na kazi yao haina mshahara. Uamsho wenyewe ulianza 1894 katika kijiji cha Soatanana, upande wa Fianarantsoa, kwa mtu aliyeitwa Rainisoalambo, mpiga ramli aliyekuwa mgonjwa hoi. Ulianzishwa na Mmalagasi kijijini kwake, na hilo naomba mlishike, kwa sababu linahusiana na yaliyonipata uwanja wa ndege.

Mwenyeji wangu, mchungaji wa makamo mwenye koti zito, alisimama nje ya mlango wa abiria ameshika kipande cha boksi. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu nene, kwa Kifaransa, kwamba anasubiriwa mmisionari kutoka Tanzania. Nilimwendea huku natabasamu, begi mkononi. Akanipisha. Kwa adabu kabisa alisogea kushoto ili nipite, akaendelea kuchungulia nyuma yangu, ambako wazungu wawili wazee walikuwa wanahangaika na toroli la mizigo. Ikabidi niliguse lile boksi kwa kidole, pale palipoandikwa Tanzania, kisha nijiguse kifua. Alifumba macho kwanza. Halafu akacheka, akanikumbatia, akacheka tena, na mpaka tunalifikia gari alikuwa bado anaomba radhi, mara kwa Kimalagasi, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza.

Sikumlaumu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifika kule 1866, Wamarekani wakafuata 1888, na wageni wa kanisa wanaokuja mpaka leo kwa sehemu kubwa ni wa kutoka huko huko. Neno mmisionari lina rangi yake. Hata kwetu lina rangi yake, tusidanganyane. Mtoto wa Sunday school ukimwambia amchore mmisionari, hatamchora shangazi yake.

Ila sikutegemea kwamba jambo hili lingenifuata kila mahali. Watu wa nyanda za juu, wale wa Antananarivo na Antsirabe, sura za wengi wao zinabeba asili ya Asia ya kusini-mashariki. Pwani za kisiwa ndiko kwenye watu wengi weusi kama sisi. Kwa hiyo nikiwa sokoni, kwenye gari, kanisani, naongeleshwa Kimalagasi cha haraka kama mtu wa pwani aliyekuja mjini. Nikishindwa kujibu nadhaniwa ni kiburi. Na kati ya watu wa juu na wa pwani kuna maneno ya chini kwa chini ambayo sikuhitaji mkalimani kuyahisi. Kuna duka moja niliingia kununua sabuni, mwenye duka akaniongelesha kwa sauti ile ambayo mtu mweusi yeyote anaijua popote duniani. Mkalimani wangu, binti wa mchungaji anayesomea Kiingereza chuoni, akamweleza kwamba mimi ni mgeni kutoka Tanzania. Sauti ikabadilika papo hapo. Nikaletewa kiti. Sikukifurahia kile kiti.

Jumapili ya kwanza mchungaji alinipandisha mlimani. Antananarivo imejengwa juu ya vilima, na mashamba ya mpunga yanaingia mpaka ndani ya mji. Teksi nyingi ni Renault 4 na Citroën 2CV za zamani, rangi ya maziwa. Dereva wetu kila tukianza kuteremka alikuwa anazima injini kuokoa petroli, na mimi kila akizima nilikuwa naanza sala. Tulishuka Ampamarinana, kwenye kanisa la mawe lililo ukingoni mwa jabali. Chini yake unauona uwanja wa mpira wa Mahamasina na ziwa Anosy. Mchungaji hakuanza na mandhari. Alinisimamisha karibu na ukingo, akanieleza, na mimi nawaeleza jinsi nilivyosikia.

Mwaka 1818 Wawelisi wawili vijana, David Jones na Thomas Bevan, walifika Toamasina kuleta Injili. Homa iliwamaliza. Bevan akafa, wake zao wote wawili wakafa, na watoto wao pia. Jones akabaki peke yake, na 1820 akapanda mpaka Antananarivo. Shule zikaanza, mashine ya kuchapa ikaja, na 1835 Biblia nzima ikatoka kwa Kimalagasi. Mwaka huo huo Malkia Ranavalona wa Kwanza akapiga marufuku Ukristo kwa raia wake, na wamisionari wakaondoka. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama akauawa kwa mkuki pale Ambohipotsy, upande wa pili wa mlima huo huo. Mwaka 1849 Wakristo wengine wakatupwa kutoka juu ya jabali tulilokuwa tumesimama, na watu wanne wa ukoo wa kifalme wakachomwa moto Faravohitra. Waliobaki wakawa wanaficha Biblia mashimoni na kusali usiku. Malkia alikufa 1861, milango ikafunguliwa, wamisionari wakarudi. Wakakuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha.

Robo karne nzima bila mmisionari! Hapakuwa na fedha za ufadhili, hapakuwa na kambi ya vijana wala fulana zenye nembo.

"Kwa hiyo wamisionari tunawapenda sana," mchungaji akasema, "na tunajua pia kwamba kanisa hukua hata wasipokuwepo." Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Akaniuliza kama nina njaa.

Mimi nimekaa kwenye semina nyingi za misheni. Nimefundishwa kuandaa somo la watoto, kutoa ushuhuda kwa dakika tano, kuepuka kugawa pipi hovyo. Sikuwahi kuambiwa kwamba unaweza kutumwa mahali ambapo kanisa linakumbuka vizuri, kwa tarehe na majina ya vilima, jinsi lilivyoishi bila wewe. Na kwa kweli hayo ndiyo maandalizi ambayo ningempa kila anayekwenda. Ukishasimama Ampamarinana, swali la "nimekuja kuwasaidia nini" linapungua ukubwa, unabaki na la "nipangieni wapi".

Barabara ya Antananarivo kwenda Antsirabe, wenyewe wanaiita RN7, ni kama kilomita 170. Tulipanda taxi-brousse, ambayo ni Hiace ya kwetu iliyorefuka kidogo: mizigo juu, kuku juu, godoro juu, na ndani unapumua kwa zamu. Sitawachosha na mandhari. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na kwenye majaruba makavu watu walikuwa wanafyatua matofali na kuyachoma hapo hapo, moshi kila bonde. Nyumba za matofali hayo ni nyembamba, za ghorofa moja, na paa zilizoinuka. Ambatolampy wanatengeneza masufuria ya alumini ya kumimina, na barabara nzima imepangwa masufuria. Nilitaka kununua moja. Binti wa mchungaji akaniuliza nitalibeba kichwani mpaka Dar es Salaam?

Antsirabe iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mji huo ulianzishwa na wamisionari wa Kinorwei 1872, penye chemchemi za maji moto, na Wafaransa wakaja kuufanya mahali pa kupumzikia. Mfalme Mohammed wa Tano wa Moroko waliyempeleka uhamishoni miaka ya 1950 walimweka hapo hapo. Mimi yote hayo nilikuja kuyajua baadaye. Kitu nilichokijua usiku wa kwanza ni baridi.

Orodha ya vitu vya kubeba niliyopewa na kamati ilikuwa na chandarua, dawa ya malaria, krimu ya mbu na kofia ya jua. Sweta halikuwemo. Wameandika "kisiwa, Bahari ya Hindi" wakaona Zanzibar. Ndugu zangu, kipupwe cha Antsirabe hakina utani. Usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi tano hivi, na asubuhi nyingine majani yana umande ulioganda. Nyumba haina dari, haina jiko la kuota moto, dirisha ni ubao. Nililala na gauni, kitenge, koti la mvua na taulo. Asubuhi mama mchungaji aliponiona hakuuliza kitu. Alirudi na lamba, shuka zito ambalo pale kila mtu anajifunga mabegani, mwanamume kwa mwanamke, akanizungushia mwenyewe na kulikaza kifuani kama anavyofungwa mtoto. Sijalivua mpaka leo, isipokuwa kulifua.

Kazi alinipangia yeye. Binti alimweleza kwa kirefu kwamba mimi ni muuguzi wa akili mwenye cheti hiki na uzoefu huu. Mama mchungaji akaitazama mikono yangu, akaenda stoo, akanipa mche wa sabuni.

Mashuka. Wagonjwa wapya wengi wanajikojolea usiku, kwa ugonjwa au kwa dawa, na kila alfajiri baada ya kengele na ibada kuna rundo. Yanafuliwa mtoni, maji yakiwa baridi ya kukata. Kusugua unazoea. Kukamua ndiko kuna ufundi. Shuka zito halikamuliwi na mtu mmoja. Mnalishika wawili, kila mtu upande wake, mnarudi nyuma mpaka linyooke, halafu kila mmoja anazungusha kwa kulia kwake. Hapo ndipo wageni huharibu, kwa sababu ukimtazama mwenzako unajikuta unamwiga, unazungusha upande anaouona yeye, na shuka linafunguka badala ya kukaza. Usimtazame. Tazama shuka. Likishakaza mpaka linajikunja lenyewe katikati, mnasubiri maji ya mwisho yaishe, mnakwenda kulianika kwenye nyasi.

Mwenzangu wa kukamua alikuwa mkulima mmoja, kaka wa mgonjwa, aliyekuja na mdogo wake baada ya mavuno. Hana Kiingereza, sina Kimalagasi. Tulikuwa tunaongea kwa shuka: akivuta mara mbili maana yake tayari. Nilikuja kuambiwa kwamba mwanzoni alidhani mimi ni ndugu wa mgonjwa kama yeye, wa kutoka pwani, na alikuwa amewaomba mpiandry waniombee kwa jina kwa ajili ya mgonjwa wangu. Sikuwa na mgonjwa. Waliniombea hivyo hivyo.

Chakula ni wali. Asubuhi wali laini na majani, mchana wali, jioni wali. Baada ya wali wanatia maji kwenye sufuria lile lile lenye ukoko, wanayachemsha, mnakunywa yakiwa na rangi ya chai na harufu ya kuungua. Yanaitwa ranovola, na wiki ya pili nilikuwa nayadai. Ravitoto je? Ni kisamvu, hakuna cha ziada, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa na nyama ya nguruwe. Kilipoletwa mezani nilijihisi nimefika kwa shangazi ambaye hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yupo.

Sokoni palinitoa jasho kwa sababu nyingine. Fedha yao ni ariary, lakini kabla ya 2005 walikuwa wanahesabu kwa faranga ya Kimalagasi, na faranga tano ndiyo ariary moja. Noti za faranga hazipo tena. Hesabu yake ipo. Muuza karoti mwenye umri wa mama yangu anakutajia bei, unaona umeibiwa, kumbe anahesabu kwa faranga na wewe unatakiwa kugawa kwa tano kichwani huku umeshika karoti. Binti wa mchungaji anasema yeye amezaliwa baada ya faranga na bado bibi yake anamtuma dukani kwa faranga.

Zahanati ya kituo nilianza kuingia taratibu. Yupo muuguzi mmoja, mwanamume mtulivu, na daftari lake ni la Kifaransa. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, ila haloperidoli ni haloperidoli, na fenobabitali ya kifafa haina lugha. Tukawa tunakaa na daftari, yeye anasoma kipimo, mimi nakunja vidole. Ananitumia kuhesabu vidonge na kukaa na wagonjwa wakati dawa zinaanza kuwatuliza.

Sasa niseme kuhusu ibada ya jioni, maana najua mtauliza. Mpiandry wanavaa kanzu nyeupe, wanasimama mbele, wanakemea pepo kwa sauti kubwa, mikono inakwenda hewani kwa nguvu. Mimi ni mtu wa wodi. Mgonjwa mwenye hofu za kufuatwafuatwa ukimpigia kelele usiku, najua kinachofuata, na mara ya kwanza nilikaa ukingoni mwa benchi tayari kunyanyuka. Wawili walilia. Mmoja aliziba masikio. Bado nadhani sauti ile haiwafai wote, na nimelisema. Lakini kuna sehemu ya pili, kelele zikishaisha, ambapo kila mtu anapiga magoti na mpiandry mmoja anamwekea mikono kichwani, taratibu, anamwambia ahadi moja ya Mungu yeye peke yake. Mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na wale wenye harufu pia. Kwenye wodi niliyotoka mgonjwa anaguswa akipigwa sindano au akishikwa asikimbie. Nimekaa pale nikihesabu ni lini mara ya mwisho nimemgusa mgonjwa bila sababu ya kitabibu, na sikupata jibu.

Na kuna mnyororo. Chumba cha mwisho kulikuwa na kijana amefungwa mguu mmoja. Nilimwambia mchungaji waziwazi kwamba mnyororo si tiba, na kwamba kwetu tunapambana nao vile vile. Akasema kijana huyo alimpiga mama yake na alikuwa anakimbilia barabara kuu usiku, na kwamba usiku kuna mpiandry wawili wazee kwa wagonjwa wote. Nikasema bado si tiba. Akasema anajua. Hatujafika mwafaka mpaka naandika haya. Mtu anayeupunguza ule mnyororo kwa vitendo ni yule muuguzi, ambaye alikuwa analipigia kelele jambo hili kabla mimi sijazaliwa kwenye fani, kwa sindano ya dawa ya akili ya kila mwezi, inapopatikana. Mwezi huu imepatikana. Kijana sasa mchana anatembea na kaka yake, usiku bado anafungwa.

Sikukuu ya uhuru imepita nikiwa huku, tarehe 26 Juni. Jioni ya kuamkia siku hiyo watoto walizunguka kituo na taa za karatasi, mishumaa ndani, na wagonjwa walioweza wakazunguka nao. Taa moja iliungua. Hakuna aliyejali.

Kuna bibi mmoja amemleta mjukuu wake kutoka Maintirano, pwani ya magharibi, safari ya siku kadhaa. Ni mweusi tii, mfupi, na ndiye mtu wa kwanza Madagaska aliyeniangalia akajua kwamba mimi si wa pale. Alimuuliza binti: huyu ametoka ng'ambo? Binti akasema Tanzania. Bibi hakuijua Tanzania. Akasema kwao wao ni Makoa, kwamba mama wa bibi yake aliletwa na chombo, akiwa mtoto, kutoka ng'ambo hiyo.

Mama yangu ni Mmakua wa Masasi.

Nilijaribu kueleza, binti akahangaika kutafsiri. Kwamba karne ya 19 Wamakua walikamatwa na kuuzwa, wengine Zanzibar, wengine wakavushwa bahari mpaka Bukini. Kwamba 1876 Askofu Steere wa Anglikana aliwachukua baadhi ya waliokombolewa Zanzibar, na ndio walioanza misheni ya Masasi, ambako ukoo wa mama ulipata Ukristo kabla ndoa haijamleta Ulutherini. Binti akaongeza ambalo alilisoma shule: Juni 1877 Malkia Ranavalona wa Pili alitangaza huru watumwa wote waliotoka bara la Afrika, waliokuwa wanaitwa Masombika. Mwaka mmoja baada ya Masasi. Bibi alitusikiliza wote wawili, akaniuliza kama mama yangu yu hai.

Mtandao wa kituo unapatikana karibu na mnara wa kengele. Nikampigia mama kwa WhatsApp, nikaweka sauti ya nje. Mama akauliza, "Kimakua anakijua?" Nikamwambia hata neno. "Haya, sogeza simu." Akamwamkia kwa Kimakua, salamu ndefu, ile ya kuulizia nyumba na mashamba na waliolala. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Mama akairudia. Bibi akamwambia binti, binti akanitafsiria: "Ni nzuri. Sielewi kitu." Wakacheka wote wawili, kila mmoja ng'ambo yake, na salio langu likaishia hapo. Siku hizi bibi ananiita mjukuu na ananituma maji.

Juzi kamati imenitumia fomu ya taarifa ya katikati ya huduma. Ni jedwali. Kuna safu ya idadi ya watu waliofikiwa, safu ya waliookoka, safu ya masomo yaliyofundishwa, na ya mwisho, changamoto. Hiyo ya mwisho nimeijaza vizuri: sweta, na bei ya sindano ya kila mwezi, nikaomba kama inawezekana zitumwe fedha za sindano mpaka Desemba badala ya fulana. Safu ya waliofikiwa nimeiacha wazi, nikaandika pembeni kwamba hapa wanaofikia ni mpiandry, mimi niko kwenye mashuka.

Katibu amenijibu asubuhi hii. Kuhusu fedha, watakaa kikao Jumamosi. Kuhusu jedwali: "Dada, mfumo haupokei nafasi tupu. Weka namba yoyote." Nimemuuliza mama mchungaji kwa wastani tunafua mashuka mangapi kwa wiki, anakwenda kuniangalizia kwenye daftari la stoo.